Nimeitwa kwenye majaribio ya mashine ya moyo, na mke wangu hajui

Assalaam alaikum, Mshauri.

Mimi ni mzee wa miaka 62, mkazi wa Likoni. Nilifanya kazi bandarini Kilindini, kwenye kabini ya kreni, mpaka nikastaafu. Sasa nina duka dogo mtaani kwetu.

Miaka michache iliyopita moyo ulinisumbua, nikapelekwa India nikafanyiwa baipasi, yaani upasuaji wa kupandikiza mishipa. Pesa za safari hazikuwa zangu. Mwanangu aliyeko Doha alitoa alichokuwa nacho, wenzangu wa bandarini wakachanga, na msikitini kwetu baada ya swala ya Ijumaa imamu akasimama akaomba watu wanisaidie. Nilirudi mzima. Watu walimiminika nyumbani kunipa hongera, na mimi mwenyewe nikaamini mambo yamekwisha.

Mwaka jana maumivu yalirudi. Nikiwa nimekaa dukani sina neno. Huja nikishuka feri upande wa kisiwani na kuanza kuupanda ule mlima wa kutokea. Wanaovuka kila siku watanielewa. Lango likifunguliwa watu hutoka kwa kasi, na mikokoteni, na wenye ndoo za samaki, na ukisimama katikati unakumbwa. Mimi husogea kando penye ukuta, nikatoa simu na kujifanya nasoma ujumbe, huku kifua kimebana na maumivu yanapanda hadi kwenye taya. Hujifunika mdomo kwa kofia nikapuliza dawa chini ya ulimi ili asinione mtu. Yakitulia, naendelea na safari.

Daktari alipiga picha ya mishipa. Akasema miongoni mwa ile niliyopandikizwa, ipo iliyoziba, na mishipa yangu ya asili ni myembamba mno, haina pahali pa kuweka stenti, kile kijibomba cha kuuacha mshipa wazi. Kupasuliwa tena hashauri. Ameniongezea dawa, zimesaidia kiasi. Halafu mwezi uliopita akaniambia kuna utafiti ambao huenda unanifaa. Unalala kitandani, unafungwa mikanda ya upepo kwenye mashavu ya miguu, mapajani na makalioni, nayo inajaa na kulegea ikifuata mapigo ya moyo. Saa 1 kila siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 7. Hakuna kisu, na nauli wanarudisha.

Kinachonikwaza ni kura. Nusu yetu tutafungwa mikanda hiyo hiyo lakini itajazwa upepo kidogo tu, na hatutaambiwa nani yuko upande gani. Nilimwuliza muuguzi, "Yaani nivuke feri wiki 7 kuja kulala bure?" Akafikiri, akanijibu, "Si bure mzee, lakini pia si hakika."

Shemeji yangu, ambaye ndiye pekee niliyemdokezea, amesema hao ni mumiani wa kisasa, nisiwape mwili wangu. Kisha akampigia mwanangu simu! Sasa kijana anataka kukopa nirudi India. Mke wangu hajui kitu. Anadhani naenda kliniki ya kawaida. Nikiingia kwenye utafiti itabidi nimweleze kwa nini ninavuka kila asubuhi, na akijua yeye watajua wote, na waliochanga watasema pesa zao zimekwenda na maji. Daktari naye amenisaidia sana, nikimkatalia ataniona sina shukrani.

Jambo jingine. Juzi maumivu yaliniamsha kabla ya adhana ya Alfajiri. Nikapuliza dawa yakatulia. Sikumwambia daktari nikiogopa ataniondoa kwenye orodha. Na mengine ya ndani, ya mume na mke, sitayaandika gazetini.

Niingie au nisiingie? Na mama watoto nimwambie nini?

Mzee wa Likoni

*

Waalaikum salaam, kaka yangu, na pole kwa mzigo huo.

Nitaanza na lile uliloliweka mwishoni, kwa sababu haliwezi kungoja. Maumivu yanayokushika ukipanda mlima wa feri na kuondoka ukisimama, daktari wako anayajua na ndiyo aliyoyapangia dawa. Yanayokuamsha usingizini ni habari nyingine. Mwili ulikuwa umetulia, moyo haukuwa na kazi kubwa, na bado ukalalamika. Mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kuwa dalili kwamba mshipa unafunga, na daktari anatakiwa kuyajua leo, hata kabla hujamaliza kuisoma safu hii. Yakirudi na kudumu zaidi ya dakika chache baada ya kupuliza dawa, au yakija na jasho jembamba, kichefuchefu au pumzi kukata, usingoje kuvuka. Nenda hospitali iliyo karibu upande wenu wa Likoni, upelekwe na mtu, usiende peke yako.

Unaogopa kuondolewa kwenye orodha. Naielewa hofu hiyo, lakini hebu itazame tena. Tafiti za namna hii kwa kawaida huwataka watu ambao maumivu yao hayajabadilika karibuni, na sababu ni usalama wao. Ukiingia kwa kuficha, watakufunga mikanda wakidhani moyo wako uko katika hali ambayo hauko.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Misuli ya moyo hupata damu yake nyingi wakati moyo umelegea, kati ya pigo moja na jingine. Mikanda ile hufuata kipimo cha umeme wa moyo. Moyo ukilegea, inakaza kuanzia chini ya miguu kwenda juu na kuirudisha damu kifuani, na kabla moyo haujapiga tena, inalegea yote kwa mpigo, ili moyo usukume damu kwa wepesi. Wanaoitumia wanatumaini kwamba baada ya saa 35 za kazi hiyo, vijishipa vidogo vinavyoizunguka mishipa iliyoziba vitafunguka zaidi na kuta za mishipa zitafanya kazi vizuri. Haizibui mishipa yako, kaka. Ile iliyoonekana imeziba kwenye picha, tarajia kuikuta vilevile baada ya wiki 7. Nalisema hili wazi kwa sababu barua yako ina matumaini ya kupona, na kinachopimwa hapa ni nafuu ya maumivu.

Tiba hii si ngeni. Marekani iliruhusu mashine hizo zitumike kwa maumivu ya kifua mwaka 1995, na mwaka 1999 yakachapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 139, wengine wakikazwa kwa presha ya hadi 300 na wengine 75 tu. Waliokazwa sawasawa walikaa muda mrefu zaidi kwenye mashine ya mazoezi kabla kipimo cha umeme hakijaonyesha kwamba moyo unakosa damu, na vipindi vyao vya maumivu vilipungua. Lakini ukihesabu jumla ya muda walioweza kufanya mazoezi, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutegemewa. Na waliokazwa kwa nguvu ndio waliolalamika zaidi: maumivu ya miguu, michubuko, ngozi kuchunika. Kwa hiyo muuguzi wako alikujibu kwa ukweli. Shikana na mtu kama huyo.

Hapa ndipo penye neno lako la "kulala bure". Unaiona mikanda dhaifu kama udanganyifu. Ningekubaliana nawe kama wangekuficha kwamba ipo. Wamekwambia mapema, na wewe ndiye utakayeamua ukijua. Ila swali la kwa nini iwepo ni la haki, nami nataka nilijibu, maana wengi huliuliza na hawapati jibu.

Miaka ya 1950 palikuwa na upasuaji wa kufunga mshipa mmoja wa kifuani ili damu ielekee moyoni. Wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu, na madaktari waliufanya kwa imani kabisa. Mwaka 1959 daktari Leonard Cobb na wenzake wa Seattle walichukua wagonjwa 17. Wengine walifungwa mshipa kweli, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa. Nafuu ikawa ileile kwa wote, na upasuaji ule ukaachwa. Maumivu ya kifua yana tabia hiyo: kuhudumiwa, kusikilizwa na kutumaini huyapunguza kweli, na huwezi kujua mashine imechangia kiasi gani bila kundi la kulinganisha. Hata stenti zimepitia mtihani huo. Mwaka 2017 huko Uingereza walilinganisha stenti na utaratibu wa uwongo kwa wagonjwa 200 waliokwisha kupewa dawa za kutosha, na muda wa mazoezi haukutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Mwaka 2023 wakarudia kwa wagonjwa 301, safari hii bila dawa za maumivu, na stenti zikashinda waziwazi. Kwa hiyo mikanda dhaifu inaweza kuiangusha tiba, na inaweza pia kuithibitisha mbele ya wote wasioiamini.

Hayo ni manufaa ya watu watakaokuja baada yako. Wewe je? Utafiti una swali lake, nalo linataka kujua habari za watu wengi kwa pamoja. Hauwezi kukuahidi wewe mmoja. Ndiyo maana ningependa ukae mahali patulivu ujiulize: siku nitakayoambiwa kwamba wiki 7 zote nilikuwa upande wa mikanda dhaifu, nitajionaje? Kuna mtu atakayesema, alhamdulillah, nimeangaliwa vizuri na nimewasaidia wengine. Kuna mwingine atakayeumia kwa miezi, akihesabu kila mlima alioupanda kutoka feri. Hakuna aliye mwema kuliko mwenzake. Sijui wewe ni yupi, na nadhani hata daktari hajui.

Shemeji yako amesema mumiani, nami simcheki. Pwani tumerithi hofu hiyo, na dunia imewahi kuipa sababu. Huko Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watafiti waone ugonjwa unavyokwenda, wala hawakuambiwa ukweli. Sheria za leo zimetokana na machungu kama hayo. Hapa Kenya utafiti kama huo lazima upitishwe na kamati ya maadili na upate kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Bodi ya dawa nayo, Pharmacy and Poisons Board, ndiyo inayosimamia majaribio ya tiba. Fomu ya ridhaa inatakiwa iwe katika lugha unayoielewa, na iwe na namba ya simu ya kamati, mbali na ya watafiti. Kama uliyopewa ni ya Kiingereza, omba ya Kiswahili. Ukijitoa katikati, huduma yako ya kawaida haipotei, na huna haja ya kutoa sababu. Hilo linahusu pia shukrani zako kwa daktari. Daktari mwema anajua kwamba ridhaa iliyotolewa kwa kuona haya si ridhaa.

Ukirudi kliniki, kuna mambo ya kuuliza hasa kwa ajili ya mwili wako. Uliwahi kuganda damu mguuni? Vali ya moyo inavuja? Unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande? Mapigo yako hayaendi sawasawa? Mikanda haiwafai watu wa hali hizo, wala wenye mshipa mkuu uliovimba, wala wenye miguu isiyofikiwa na damu vizuri. Presha ikiwa juu ya 180 kwa 110 huwa hawaanzi mpaka ishuke. Na kama mshipa wa baipasi ulitolewa mguuni, waonyeshe kovu lako. Kama una sukari, waangalie ngozi kila siku. Uliza kama kuna dawa yoyote watakayotaka uiache, na usiache mwenyewe, hasa ile ya kupunguza kasi ya mapigo, maana kuikata ghafla ni hatari. Uliza nani analipa ukiumia. Na uliza, kwa maandishi, kama walio kwenye mikanda dhaifu watapewa mikanda kamili utafiti ukiisha. Hilo la mwisho linaweza kubadilisha hesabu yako yote.

Kuna na suala la ule mlima. Mara 35 utaupanda, na huenda kwako ule mlima ni mzito kuliko mikanda. Wanarudisha nauli ya nini, matatu au tuktuk? Ongea nao waziwazi, na daktari akwambie kama inafaa upulize dawa kabla ya kupanda badala ya kungoja ibane. Wengi hawajui kwamba yaweza kutumiwa hivyo.

Kuhusu India, mapenzi ya mwanao ni makubwa na usiyakatae kwa ukali. Lakini kupasuliwa kifua mara ya pili kwa kawaida kuna hatari zaidi ya mara ya kwanza, na daktari aliyeiona picha yako hashauri. Kabla kijana hajakopa, mwambie kuna njia rahisi: omba nakala ya picha ya mishipa na ripoti, zitumwe kwa wale waliokupasua, watoe maoni yao wakiwa huko huko. Wakisema njoo, mtajadili. Wakisema kama alivyosema daktari wa hapa, mtakuwa mmeokoa deni. Na bado hujamaliza njia za dawa. Zipo aina nyingine za kupunguza maumivu ambazo daktari anaweza kuongeza au kubadilisha, na upo utaratibu wa kutembea kidogo kidogo kwa usimamizi ambao huwapa wengi nguvu. Kukaa kwenye dawa pekee nako ni uamuzi, si kushindwa. Hatari yake ni kwamba utazoea kujibana, ukapunguza safari, ukapunguza watu, na kila mtu akadhani umezeeka tu.

Yale ya chumbani uliyoyaruka sitayafukua. Nakuomba jambo moja tu: kama umewahi kununua vidonge vya nguvu za kiume, au umefikiria kununua, usivichanganye kamwe na ile dawa ya kupuliza. Presha inaweza kushuka hadi mtu akafa. Kama umevimeza hivi karibuni na kifua kikabana, mwambie anayekuhudumia kabla hajakupa chochote. Daktari haoni aibu kuulizwa, na kuna njia za kulishughulikia.

Tumefika kwa mama watoto. Umeandika kana kwamba kumwambia yeye ni kutangaza mtaani. Je, ndivyo alivyo, au ni hofu yako juu ya waliochanga imemfunika na yeye pia? Mtu aliyekuuguza baada ya baipasi amekuona ukivaa kanzu, amekuona ukipunguza kwenda msikitini kwa miguu. Sitashangaa kama anajua zaidi ya unavyodhani na anangoja umwambie. Ukimwambia, unaweza kumwomba akae nayo kwanza, ninyi wawili. Hatari ipo: huenda akalia, huenda akakasirika kwamba shemeji alijua kabla yake. Hasira hiyo atakuwa na haki nayo. Lakini usiku maumivu yakija tena, yeye ndiye aliye kitandani kando yako, na hajui dawa ya kupuliza unaiweka wapi.

Na waliochanga, kaka yangu. Walitoa ili uishi, na umeishi. Mishipa inayopandikizwa, hasa ile inayotolewa mguuni, mingi huanza kuziba kadiri miaka inavyopita. Hilo linajulikana kwa madaktari wa India na wa hapa. Hukuitapanya pesa ya mtu. Kama siku moja utataka kuwaeleza, imamu yule yule aliyekuombea anaweza kuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye, na kama wiki zile 7 zitaangukia Ramadhani, utamhitaji pia kwa suala la saumu na ratiba ya dawa, yeye pamoja na daktari.

Kwa hiyo leo piga simu kliniki uwaeleze habari ya usiku ule. Wakishakuangalia na kukuambia moyo umetulia, omba fomu ya Kiswahili, uende nayo nyumbani. Huna haja ya kuitia sahihi papo hapo. Mpe mama watoto aisome naye, mwandike maswali yenu pembeni, na mkirudi kliniki mrudi wawili. Baada ya hapo, mkiniandikia kwamba umeingia, nitakuombea dua. Mkiniandikia kwamba umekataa, nitakuombea dua ile ile.